Kifua cha Jumatatu

Wajukuu zangu, na ninyi nyote mnaoingia kazi za mashine: pamba yenye umande msiilishe mashine. Chukueni punje moja ya mbegu, muiume kwa meno ya mbele. Ikipasuka, pamba imekauka. Ikibonyea tu, irudisheni juani, hata kama kapita, msimamizi wenu, anawapigia kelele. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa kiwandani, na aliyenifundisha ni Kashindi, ambaye habari zake ndizo zimenifanya nishike kalamu. La pili lilikuwa kupima moto. Robota la pamba laweza kuungua ndani kwa ndani siku nyingi, na nje limetulia, jeupe. Msiliguse kwa kiganja. Kiganja cha mfanyakazi kimekuwa kama soli ya kiatu, hakisikii kitu. Geuzeni mkono, muguse kwa mgongo wake.

Mtauliza, babu, kiwanda kipi hicho? Kilikuwa uwandani, ukitoka Uvira kwenda kaskazini, kabla hujafika Runingu. Wakulima walileta pamba kwa vichwa vyao, maana serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha kuilima, nasi tuliichambua: nyuzi huku, mbegu kule. Jina la kiwanda nitaliacha. Wenye mali wamekwenda zao, sitaki maneno na watoto wao.

Mimi pale nilijulikana kwa jina la Itakuwaje. Nilipewa jina hilo kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo mdomoni kutwa. Ukanda wa mashine ukikatika, itakuwaje? Mvua ikinyesha marobota yako nje, itakuwaje? Mke wangu alisema hata kanisani sisali, nauliza maswali. Sikatai. Nimezaliwa na wasiwasi, nao umenizeesha. Siku moja nilinusa moshi, nikapiga mayowe, tukafungua marobota yote ya asubuhi ile, jasho likitutoka, kumbe ni mlinzi aliyekuwa ameegemea ukuta kwa nje akivuta kiko. Walinicheka hadi wakakaa chini. Kashindi peke yake hakucheka.

"Muache," aliwaambia. "Ule anasikia moto pasipo moto, siku moja atausikia wenyewe. Nyinye mutakuwa mumelala."

Basi tuliporuhusiwa kuwa na sendika, chama cha wafanyakazi, mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, na wenzangu wakatafuta wa kuwasemea, walinichagua mimi. Si kwa ushujaa. Walisema mwoga huona shimo kabla ya wote. Nami nilikubali kwa hofu, kwa kuwa ruhusa yenyewe ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa kamba: polisi wa serikali alikaa mkutanoni, na mtu aliyesema sana aliitwa mchochezi, akahamishwa mbali, jamaa zake wasijue ametupwa wapi. Kila mara nilipoinuka kusema nilimtazama kwanza polisi yule, kisha mlango.

Sasa niwaeleze vumbi, maana bila vumbi hamtaelewa chochote. Mashine ya kuchambua pamba ina misumeno ya mviringo mingi, imepangwa karibu karibu. Inazunguka, inanyakua nyuzi, mbegu zinabaki nyuma. Kisichokuwa nyuzi wala mbegu kinapanda hewani. Jioni ulitoka nyusi zimekuwa nyeupe, watoto wa kambini wakakuamkia kama babu yao. Chini ya sakafu palikuwa na chumba ambamo vumbi hilo lilisukumwa, na kila siku mtu aliingia kulizoa. Mtu huyo alikuwa Kashindi. Walimchagua kwa sababu hakuvuta tumbako na hakuwa na haraka. Cheche moja mle ndani, kiwanda chote kingekwenda.

Mafundi wa Kizungu walipopita karibu na misumeno walivaa maske ya mpira puani na mdomoni, na miwani. Walikaa kitambo kidogo, wakatoka. Sisi tuliokaa humo kutwa hatukuwa na kitu. Ukijifunga kitambaa, kapita wetu, Antwani, alikuja kukifungua.

"Kitambaa kitavutwa na masini," alisema. "Na weye utavutwa pamoja nayo."

Hakusema uongo. Ncha ya kitambaa ikining'inia, misumeno huifuata. Kashindi alitufundisha kufunga fundo kisogoni na kuzificha ncha ndani ya kola, halafu kuvuta kwa nguvu kuhakikisha. Lakini Antwani alikuwa mtu wa sheria. Alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, shati lake jeupe hata Ijumaa, na sheria ilisema hakuna kitambaa.

Maradhi yenyewe yalikuwa na hila. Jumapili ulipumzika, ulikwenda misa, ulioga ziwani, ukawa mzima kabisa. Jumatatu asubuhi uliingia kazini ukiimba. Kabla jua halijafika kichwani, kifua kilianza kukaza, kama mtu anayekufunga kamba mbavuni na kila ukishusha pumzi anakaza zaidi. Ulikohoa kikohozi kikavu kisicholeta kitu. Jumanne kilipungua. Jumatano ulisahau. Jumatatu nyingine, tena. Tulikiita kifua cha Jumatatu.

Direkta, Mzungu aliyekuwa mkuu wa kiwanda, aliangalia akasema: ugonjwa unaokuja baada ya Jumapili na kuisha katikati ya juma ni ugonjwa wa chupa. Mnaona ilivyokaa vizuri? Hata sisi tuliamini! Tulilaumiana, huyu amezidisha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na yule naye. Mke wangu, niliyekuwa nikinywa naye kibuyu kimoja, aliniuliza, "Na ingine unaendaka kunywa kwa nani?" Tulinuna siku mbili nzima.

Kisha ikaja sheria mpya. Atakayekutwa anakohoa Jumatatu ni mlevi. Akikutwa mara ya tatu, atoke kazini na atoke katika nyumba ya kambi. Antwani alipewa kazi ya kusikiliza. Alipita nyuma yetu taratibu, mikono mgongoni, na sisi tulimeza vikohozi hadi machozi yakatutoka. Kashindi hakuweza kumeza. Alikamatwa mara ya kwanza, akakamatwa mara ya pili.

Nyumbani kwake alikuwa na mke na binti, Feza, aliyechumbiwa na kijana wa Katogota. Wakwe walikuwa wameshatangaza Jumapili ya kuleta pombe ya uchumba. Baba akifukuzwa kambini kwa ulevi, pombe hiyo ingeletwa wapi, na nani angempa mwanawe binti wa mlevi? Kashindi hakulalamika, lakini nilimwona akipaka chokaa ukuta wa nyumba ile, ambamo huenda asingelala tena, nami niliumia sana.

Mwanga ulitoka tusikotazamia. Palikuwa na fundi kijana wa Kizungu tuliyemwita Miwani. Alikuwa mpole, na Jumapili alikunywa bia huko Uvira, kando ya ziwa, waziwazi, na wenzake. Fundi mkubwa alimweka kwenye misumeno majuma kadhaa kwa matengenezo, na kwa kuwa maske ilimtoa jasho, akaivua. Jumatatu moja akakaa chini ameshika kifua. Kesho yake daktari alikuja kwa gari. Keshokutwa Miwani alipelekwa milimani Lemera apumue hewa baridi. Kabla ya kupanda gari alimwambia Kashindi kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Docteur iko nasema ni vumbi. Weye pia, funika mudomo."

Kashindi akanitafuta. Hakuwa mtu wa hasira, lakini siku hiyo alisema kwa ukali.

"Itakuwaje, sikia. Ya kwake ni vumbi. Ya kwangu ni pombe. Kifua iko moja!"

Hapo sendika ilipata neno lake. Tulikwenda kwa Direkta watatu, mimi katikati. Nilisema: vumbi ni moja, basi na kinga iwe moja. Tunaomba maske kwa kila mtu wa misumeno na wa chumba cha chini, tunaomba daktari anayepima wazungu atupime na sisi, na sheria ya Jumatatu iondoke. Direkta hakutukana. Alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoniogopesha.

"Acheni pombe Jumapili moja tu," alisema, na karani akatafsiri. "Wote. Mkikohoa Jumatatu yake, tutazungumza. Hamtaweza."

Tulitoka nje tukifurahi kama wajinga. Jumapili moja! Tukapanga iwe ile inayokuja, kwa sababu Kashindi hakuweza kungoja. Tuliapa kambi nzima. Nilipofika nyumbani ndipo mke wangu alipouliza, mwiko mkononi, "Jumapili hiyo si ya wakwe ya Feza?"

Ndiyo, ilikuwa hiyo hiyo. Ninyi wa leo mnaleta soda kwenye harusi, hamwezi kuelewa. Kwetu, wakwe wakileta mtungi, wao huonja kwanza ili mjue hauna sumu, kisha baba wa binti hunywa mbele ya watu. Asipokunywa, maana zake ni mbili: ama anawashuku uchawi, ama hawataki. Na kuahirisha pombe iliyokwisha kuiva ni matusi ya tatu. Kashindi akinywa, kiapo kimevunjika, na Jumatatu akikohoa Direkta atacheka. Asipokunywa, Feza hana mume. Nilimwambia Kashindi tuwaombe wenzetu tubadilishe siku. Alikataa.

"Jumatatu hii wakinishika, minye nimeisha," alisema. "Tutaenda hivi hivi."

Jumapili hiyo sikumbuki mahubiri. Baada ya misa nilizunguka kambi nikisalimia watu kwa karibu mno, pua mbele, hadi mzee mmoja aliniuliza kama nataka kumbusu. Hakuna aliyenuka. Mchana wakwe wakafika kutoka Katogota, mitungi kichwani, midomo yake imefungwa kwa majani ya mgomba. Msemaji wao alikuwa shangazi wa bwana arusi, jina lake Mariya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Walikaa. Mtungi ukawekwa katikati. Kashindi akasimama, na kofia yake alikuwa akiikunja kama anayekamua nguo.

"Wakwe zangu, murudishe moyo nyuma," alianza. "Leo siwezi kunywa."

Nasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Baba wa bwana arusi akainuka, akaanza kuokota fimbo yake. Nilitaka kueleza, nikaanza na jina langu la utani, "Itakuwaje..." nikakwama hapo hapo. Kashindi akaeleza mwenyewe. Alieleza vumbi, Miwani, Jumatatu, na kiapo. Katikati ya maneno kikohozi kikamshika, maana chake kilikuwa kimeacha kufuata siku. Kilidumu. Feza ndani alisikika akilia.

Shangazi Mariya alimtazama mpaka kikaisha. Kisha akauliza jambo moja.

"Hiyo vumbi, ni ya pamba yetu? Ile tunaleta sisi?"

"Ni ile ile, mama."

Halafu akamwambia kaka yake, "Ikala hasi. Kaa chini weye. Pombe ya ukwe hainyweki na upande moja. Kama yeye hakunywa, na sisi hatukunywa. Mitungi ilale hapa, na sisi tutalala nayo. Kesho huyo Muzungu atakuja kuhesabu mwenyewe."

Sikuamini. Niliuliza, "Na walinzi wakiwafukuza, itakuwaje?" Akaniambia nikapumzike, uso wangu unamletea njaa.

Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa siku ya kununua pamba, kwa hiyo wakulima walijaa langoni na hakuna mlinzi aliyeshangaa kuona mitungi. Mariya aliipanga mstari mmoja, mbele ya mizani, majani yakiwa bado yamefungwa. Akakaa juu ya gunia, akanyoosha miguu. Alipoulizwa anauza nini, alisema kwa sauti ya kufika ofisini, "Siuzi! Hii ni pombe ya jana ya bantu ya kazi. Walikatala kuikunywa. Muite Direkta aione!"

Ndani, mimi nililisha mashine huku nimekodoa macho. Niwaambie ukweli wa aibu: nilikuwa naogopa tusikohoe. Fikirini, mtu anaomba Mungu kifua kimbane! Tusipokohoa, Direkta ameshinda. Asubuhi ilisonga. Kimya. Nikaanza kujiuliza kama kweli ilikuwa pombe siku zote hizo. Kisha kutoka mashine ya mwisho nikasikia mmoja akikohoa. Halafu jirani yake. Halafu kamba ile ikanikaza na mimi, nikashukuru, nikakohoa kwa nguvu zote. Chini ya sakafu Kashindi alisikika kama mtu anayepasua kuni. Antwani alisimama katikati yetu, mikono mgongoni, asijue ageukie wapi.

Direkta alikuwa amekwisha kutoka ofisini na kuja langoni kwa sababu ya kelele za Mariya. Alituita wajumbe, akamwita na Kashindi, na Antwani. Aliitazama mitungi. Akasema kupitia kwa karani kwamba mitungi haisemi nani alikunywa nini kwingine. Akamwambia Antwani aikague, kama kweli imejaa. Antwani akainama, akakumbatia mtungi wa kwanza, akauinua kupima uzito wake. Hapo kikamshika. Kikohozi kile kile, kikavu, cha Jumatatu. Aliuweka mtungi chini haraka, akaziba mdomo na kola ya shati jeupe, lakini mwili mzima ulikuwa unaruka.

Direkta akamgeukia polepole.

"Na wewe, kapita? Ulikunywa jana?"

Nilimhurumia. Akisema ndiyo, amejipoteza kanisani kwake, ambako jana yake alikuwa amesimama mbele ya watu akigawa meza ya Bwana. Akisema hapana, amempinga Direkta mbele ya wakulima, na ukapita wake umekwisha. Aliangalia viatu vyake. Kumbe kwa miezi alikuwa akienda nyuma ya stoo kukohoa peke yake, na sisi tukidhani anakwenda kutuchongea.

"Minye sinywaka, Bwana," alisema. "Tangu nilibatizwa. Ni vumbi."

Wakati huo huo mtungi mmoja, kwa joto la jua, ukasukuma jani lake, povu likaruka. Mariya akaupiga kofi. "Ona, hata pombe imechoka kungojea!" Wakulima wakaangua kicheko, nasi tukacheka, na hata polisi yule wa mikutanoni, aliyekuwa amesimama langoni, akacheka. Direkta hakucheka. Aliingia ofisini.

Msidhani mambo yaliisha kwa kicheko. Antwani aliondolewa ukapita, akapelekwa kupima pamba sokoni. Mimi nilikaa majuma mengi nikishtuka kila gari la serikali lilipopunguza mwendo. Lakini sheria ya Jumatatu haikutajwa tena, na hakuna aliyefukuzwa. Maske zilikuja katika sanduku moja, hazikutosha, tukadai, zikaja nyingine. Zikafungiwa kabatini zitolewe siku ya wageni tu, tukadai tena, kabati likafunguliwa. Zilinuka mpira, zilitoa jasho, vijana wakazivua kama Miwani, na mimi nikawafukuza na kuwavisha kwa mikono yangu. Daktari alikuja mara moja, akatupima haraka, akaondoka. Hilo la daktari hatukulishinda. Kashindi alitolewa chumba cha chini, akawekwa uani kushona magunia, hewani, akabaki na nyumba yake.

Msimu wa pamba ulipokwisha, wakwe walipika pombe mpya wakarudi. Kambi nzima ilikuwepo. Furaha ilikuwa kubwa, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na swali lolote. Antwani pia alikuja, akakaa na maziwa yake. Mariya alionja, akafuta mrija, akampa Kashindi kwa mikono miwili. Mrija ni mrefu, wajukuu, lazima uvute kwa pumzi.

Kashindi akauweka mdomoni. Mashavu yakaingia ndani, mishipa ya shingo ikasimama. Tukangoja koo lake lishuke. Halikushuka. Tulidhani anatania, maana alipenda utani, na watu wakaanza kumcheka. Akavuta tena. Pombe haikupanda. Akautoa mrija, akatabasamu kwa kuomba radhi, akaurudisha, akajaribu mara nyingine, na hapo kila mtu akawa ameelewa, hakuna aliyejua aangalie wapi.

Feza akatoka ndani. Bibi arusi hatoki siku hiyo, wala hanywi mbele ya wakwe. Alipiga magoti kando ya baba yake, akachukua mrija, akavuta hadi ukajaa, akaziba tundu kwa kidole gumba, akauinua, akampelekea mdomoni. Kashindi akameza. Mariya akapiga kigelegele, wanawake wakaitikia, na ndoa ikafungwa.

Nililia, sioni haya kusema. Tulikuwa tumemwokolea kazi, nyumba na jina. Kifua hatukukiwahi. Hakufika msimu uliofuata. Sisi wote tulimwita mzee, kwa sababu alitangulia kazini na kwa sababu alitembea akipumzika njiani. Siku tuliyomzika, mama yake mzazi alisimama kando ya kaburi akatueleza umri wa mwanawe, nami nikahesabu kwa vidole nisikosee. Alikuwa hajafikia miaka waliyo nayo baba zenu leo.